Maswali ya Wasomaji: Data Ziwe Wazi, Kazi Ikaguliwe

Barua nyingi tulizopokea kuhusu utafiti huria, yaani ule ambao data, msimbo na makala zake huwekwa wazi kwa wote, zinauliza juu ya hatua ya mwisho: kupakia faili, kuchagua leseni, kulipia jarida. Majibu yetu mengi yatawarudisha nyuma, kwenye fomu ya ridhaa, kwenye mpango wa uchambuzi na kwenye namna faili zilivyotunzwa, maana huko ndiko mambo yanakoharibikia. Data zinawekwa wazi ili mtu mwingine aweze kuikagua kazi. Zikiwa hadharani na bado hakuna anayeweza kuzifuatilia hadi kwenye namba za makala, msomaji hajapata kitu.

SWALI: Makala yangu imekubaliwa na jarida linataka data ziwe wazi ndani ya wiki mbili. Nina folda yenye faili za Excel zaidi ya arobaini, nyingine sikumbuki ni za nini. Nianzie wapi?
*Mwanafunzi wa uzamivu*

JIBU: Usianze na kusafisha. Nakili folda nzima kama ilivyo, hifadhi nakala mahali pawili tofauti, kisha zigeuze faili za data ghafi ziwe za kusomwa tu. Kuanzia hapo data ghafi haziguswi. Masahihisho yote yafanyike kwenye nakala, na ikiwezekana kwa msimbo ulioandikwa kwa lugha za kompyuta za R au Python badala ya mkono, ili kila badiliko liache alama. Mtu aliyesahihisha seli kwa mkono mwaka jana hawezi kueleza leo kwa nini 71 iligeuka 17.

Sasa chukua makala yako. Kwa kila jedwali, kila kielelezo na kila namba iliyotajwa kwenye matokeo, andika ni faili gani na hatua gani zimeitoa. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo yenye thamani kuliko zote. Hapa ndipo wengi hugundua kwamba jedwali la pili lilitokana na toleo la data ambalo si la jedwali la kwanza, au kwamba washiriki 212 wa muhtasari wamekuwa 209 kwenye uchambuzi bila maelezo. Heri ulione wewe kabla ya msomaji. Mwishoni, katika zile faili arobaini, zitabaki chache tu zinazohitajika.

Zihamishie hizo kwenye muundo wa CSV (jedwali la maandishi matupu) wenye usimbaji wa UTF-8, unaohifadhi herufi za lugha zote, ambao unafunguka kwa programu yoyote. Excel ina tabia ya kubadilisha vitu bila kuuliza. Majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 iliyageuza kuwa tarehe kwa miaka mingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta makosa ya aina hiyo katika takriban makala moja kati ya kila tano zilizokuwa na orodha za jeni kwenye faili za Excel, na mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikatangaza kwamba jeni hizo zimepewa majina mapya, SEPTIN1 na MARCHF1. Excel pia hufuta sifuri za mwanzo, hivyo namba ya mshiriki 007 inabaki 7, na namba yenye tarakimu zaidi ya 15 hupoteza tarakimu zake za mwisho. Kagua safuwima zako kwa makosa haya kabla ya kuhamisha. Kama ulitumia rangi za seli kuonyesha jambo (nyekundu ni waliojitoa, kwa mfano), tengeneza safuwima mpya yenye maneno, kwa sababu CSV haibebi rangi. Tarehe ziandike kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: 2024-03-07. Thamani inayokosekana isiwe 0 wala 99. Acha seli tupu au andika NA, kisha eleza ulichofanya.

Halafu andika kamusi ya data. Kila safuwima ipate mstari wake: jina la kigezo, maana yake, kipimo kilichotumika, thamani zinazoruhusiwa, na kama ni hojaji, swali lenyewe neno kwa neno pamoja na lugha lililoulizwa. Pembeni yake weka faili fupi la maelezo linalofunguliwa kwanza: data zilikusanywa lini, na nani, kwa njia gani, msimbo uendeshwe kwa mpangilio upi, programu ni toleo gani, leseni ni ipi, kazi inukuliwe vipi.

Kabla ya kupakia, fanya jaribio moja. Mpe mwenzako asiye kwenye mradi folda hiyo, kwenye kompyuta yake, atoe jedwali la kwanza bila kukuuliza chochote. Kila swali atakalolazimika kukuuliza ni mstari uliokosekana kwenye maelezo yako. Kosa la kwanza huwa karibu kila mara ni lile lile: msimbo unatafuta faili kwenye folda iliyopo kwenye kompyuta yako peke yake.

Kuhusu mahali pa kuhifadhi, hazina maalumu ya fani yako, yaani tovuti inayotunza data kwa muda mrefu, ndiyo chaguo la kwanza. Kama haipo, tumia hazina ya jumla kama Zenodo, iliyoanzishwa mwaka 2013 na kuendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya. Haitozi ada, inapokea hadi gigabaiti 50 kwa rekodi moja na inatoa DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha na kuinukuu kazi mtandaoni. Tovuti binafsi hufa pale mwenyewe anapohama au kuacha kuilipia. Na ile sentensi ya "data zitapatikana kwa kuombwa" tunakushauri uiache kabisa kama hakuna kizuizi cha kimaadili. Uchunguzi wa mwaka 2022 uliwaandikia waandishi wa makala 1,792 waliokuwa wameahidi hivyo, na asilimia 93 hawakujibu au walikataa.

SWALI: Nilihoji watu 64 wanaoishi na ugonjwa wa nadra. Nimefuta majina, namba za simu na anwani. Naweza kuziweka data zote hadharani?
*Muuguzi mtafiti*

JIBU: Bado, tafadhali. Kufuta majina ni hatua ya kwanza tu, na kwa kundi dogo kama lako hatari ni kubwa.

Katika miaka ya 1990, Latanya Sweeney, akiwa mwanafunzi nchini Marekani, alichukua data za hospitali za jimbo la Massachusetts zilizoondolewa majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura, akazipata rekodi za matibabu za gavana wa jimbo hilo. Baadaye alikadiria kwamba asilimia 87 ya wakazi wa Marekani wangeweza kutambulika kwa mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni jina.

Kwa hiyo orodhesha kila kigezo ambacho mtu anayemfahamu mshiriki angeweza kukijua: umri, jinsia, kazi, eneo, idadi ya watoto, mwaka aliougua, hospitali aliyotibiwa. Hivi ndivyo vitambulisho visivyo vya moja kwa moja. Viunganishe, kisha uhesabu ni washiriki wangapi wanaoangukia kwenye kila muunganiko. Kiwango kinachotumika sana ni kwamba kila muunganiko uwe na watu wasiopungua watano, na wengine hudai kumi. Ukikuta muunganiko wenye mtu mmoja, yaani mwanamke wa miaka 58, mhandisi, mwenye watoto saba, huyo amekwisha kutambulika. Punguza undani: umri uwe wa makundi ya miaka kumi, eneo liwe pana zaidi, tarehe zigeuzwe ziwe idadi ya siku tangu mahojiano ya kwanza, kazi ziwe sekta. Baadaye hesabu upya. Na hata ukifikisha watano, angalia majibu yao. Kama wote watano wamejibu "ndiyo" kwenye swali nyeti, anayejua kwamba jirani yake yumo kati yao ameshajua siri yake.

Kwako wewe kuna tatizo la ziada: kule kutambulika tu kwamba mtu yumo kwenye data kunafichua ugonjwa wake. Ndiyo maana kwa watu 64 wenye ugonjwa wa nadra hatungeweka rekodi za mtu mmoja mmoja hadharani hata baada ya kuzipunguza.

Yapo pia mambo yasiyoonekana kwa macho. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Faili la Excel linaweza kuwa na safuwima zilizofichwa ambazo yeyote anazifungua. Hati ya Word inahifadhi jina la aliyeiandika. Majibu huru ya hojaji ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mshiriki hujitambulisha mwenyewe bila kujua: "tangu nilipofukuzwa kazi baada ya ule mgomo." Yasomwe yote na mtu, mstari kwa mstari. Programu ya kutafuta majina haitaliona hilo. Kwenye mahojiano yaliyonakiliwa, badala ya kufuta maneno weka maelezo mapana kwenye mabano ya mraba, kwa mfano [mwajiri wa zamani], ili mazungumzo yaendelee kueleweka. Sauti zenyewe usizipakie.

Sasa chukua fomu ya ridhaa uisome upya, neno kwa neno. Kama washiriki waliambiwa kwamba data zitaonwa na watafiti wa mradi pekee, au zitaharibiwa mradi ukiisha, basi huna ruhusa ya kuziweka wazi, hata ungezisafisha vipi. Ulichowaahidi kinakufunga kuliko sera ya jarida au ya mfadhili. Unaweza kurudi kwa kamati ya maadili na kuomba kuwatafuta washiriki upya. Ikishindikana, mweleze mhariri sababu hiyo waziwazi. Mhariri makini ataikubali.

Kwa utafiti ujao, tenganisha ridhaa mbili: ya kushiriki, na ya data kuhifadhiwa kwa matumizi ya watafiti wengine. Maneno kama haya yanatosha: "Naridhia majibu yangu, baada ya kuondolewa yanayonitambulisha, yahifadhiwe na yatumiwe na watafiti wengine. Ninaweza kukataa jambo hili na bado nikashiriki." Usiandike kwamba haiwezekani kamwe mtu kutambulika, maana ahadi hiyo hakuna anayeweza kuitimiza. Mweleze pia hadi lini anaweza kujitoa. Data zikishachapishwa, hazirudi.

Njia inayokufaa sasa ni ile ya kati. Weka wazi hojaji, kamusi ya data, msimbo na maelezo ya data. Data zenyewe zikae kwenye hazina inayotoa ruhusa kwa maombi na kwa mkataba wa matumizi. Kanuni za FAIR za mwaka 2016 zinasema data zipatikane kwa kutafutwa, zifikike, zioane na mifumo mingine na zitumike tena. Hazikusema kila data iwe wazi kwa kila mtu. Kufikika kwa masharti yanayojulikana ni kufikika.

Kwa wanaotafiti jamii za wazawa kuna pia kanuni za CARE, zilizotolewa mwaka 2019: faida ya pamoja, mamlaka ya jamii juu ya data zake, uwajibikaji na maadili. Jamii nzima inaweza kudhurika hata kama hakuna mtu mmoja aliyetambulika. Vivyo hivyo kwa anayetafiti mimea na wanyama walio hatarini kutoweka: ramani yenye vipimo kamili vya mahali walipo inaweza kuwa msaada kwa wawindaji haramu. Ipunguze usahihi kabla ya kuichapisha.

SWALI: Nilipima matokeo 20 tofauti. Moja lilitoa p ya 0.03, mengine hayakutoa kitu. Nimeshauriwa niandike hilo moja tu. Kwa kuwa data zote nitaziweka wazi, sioni udanganyifu hapo. Nakosea?
*Mtafiti chipukizi, saikolojia*

JIBU: Unakosea, na tunafurahi umeuliza kabla ya kuandika. Hiyo p ni uwezekano wa kupata matokeo kama hayo pasipo uhusiano wa kweli, na kwa desturi ikiwa chini ya 0.05 kipimo huhesabiwa kuwa kimefaulu. Ukipima mambo 20 yasiyo na uhusiano wowote wa kweli, kila moja kwa kiwango cha 0.05, uwezekano wa kupata angalau moja litakalofaulu kwa bahati tu ni kama asilimia 64 (toa 0.95 iliyozidishwa yenyewe mara 20 kutoka kwenye 1). Msomaji anayeona moja tu anadhani umepima moja. Data wazi hazimwonyeshi ulichojaribu ukakiacha.

Tena si idadi ya vipimo peke yake. Mwaka 2011 watafiti Simmons, Nelson na Simonsohn walionyesha kwamba maamuzi manne ya kawaida yakiunganishwa, yaani kuchagua kati ya vipimo viwili, kuongeza washiriki baada ya kuangalia matokeo, kuingiza jinsia kwenye uchambuzi na kuacha kundi moja la jaribio, yanaweza kufikisha matokeo ya uongo asilimia 61 badala ya 5. Anayefanya hivyo huwa anaamini anatafuta uchambuzi bora. Matunda yake yalionekana mwaka 2015, tafiti 100 za saikolojia ziliporudiwa: asilimia 97 za zile za awali zilikuwa na matokeo yenye maana kitakwimu, za marudio zilikuwa asilimia 36.

Kwa makala hii, ripoti matokeo yote 20 kwenye jedwali moja. Sema wazi kwamba ni uchambuzi wa kuchunguza. Rekebisha kiwango: kwa njia ya Bonferroni ni 0.05 kugawanya kwa 20, sawa na 0.0025, na p yako ya 0.03 haifiki hapo. Njia ya Holm ina nguvu kidogo zaidi, ila nayo haitakuokoa kwa namba hiyo. Andika kwamba jambo hilo linafaa kupimwa upya kwa washiriki wapya. Hiyo ni makala halali.

Kwa utafiti wako ujao, sajili mpango wake kabla ya kukusanya data. Kwenye OSF, jukwaa la mtandaoni la kusajili na kuhifadhi tafiti, kwa mfano, usajili unapata tarehe isiyobadilika na unaweza kuufunga usionekane hadi miaka minne. Taja nadharia tete, kipimo kikuu kimoja, ukubwa wa sampuli na hesabu iliyoutoa, lini utaacha kukusanya, nani ataondolewa kwenye uchambuzi, na jaribio la takwimu utakalotumia. Tatizo la sajili nyingi ni ulegevu. "Tutachambua uhusiano kati ya usingizi na msongo" inaacha milango yote wazi: usingizi uliopimwa kwa saa au kwa alama? Msongo wa wiki au wa mwezi? Andika kiasi kwamba mtu mwingine, akipewa data zako, angefanya uchambuzi ule ule.

Ukilazimika kwenda tofauti na usajili, nenda, kisha useme umebadilisha nini na kwa nini. Hakuna aibu hapo. Yapo pia majarida yanayohakiki mpango na kuukubali kabla matokeo hayajajulikana, utaratibu ambao jarida la Cortex liliuanza mwaka 2013. Kama fani yako ina jarida la namna hiyo, tungekushauri ulitumie, kwa sababu linaondoa kishawishi chenyewe.

SWALI: Mkuu wa kitengo hajasoma hata rasimu, lakini anataka jina lake liwemo kwa kuwa vifaa ni vya kitengo. Msaidizi aliyekusanya data kwa miezi mingi hayumo. Tufanye nini?
*Tumekwama*

JIBU: Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ina masharti manne, na mwandishi anapaswa kuyatimiza yote: awe na mchango mkubwa katika wazo, muundo, ukusanyaji au uchambuzi wa data, ashiriki kuandika rasimu au kuihakiki kwa kina, aidhinishe toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi yote. Kutoa vifaa, fedha au uongozi peke yake hakutoshi. Huko ni kwenye shukrani.

Msaidizi wenu ametimiza la kwanza. Kosa la kawaida ni kumnyima nafasi ya kutimiza la pili, kisha kusema hakustahili. ICMJE yenyewe inasema aliyetimiza sharti la kwanza apewe fursa ya kushiriki katika mengine. Mtumieni rasimu, mpeni muda, mwombeni maoni.

Kwa mkuu, msipeleke lawama. Mwandikieni hivi: "Jarida linamtaka kila mwandishi atamke mchango wake. Tunaambatisha rasimu; tafadhali tuletee marekebisho yako na utuambie tutaje mchango upi." Akiisoma kwa kina na akawa amechangia muundo wa utafiti, anastahili. Asiposoma, ameamua mwenyewe. Majarida mengi hutumia mfumo wa CRediT wenye aina 14 za michango, na ni vigumu kumpa mtu nafasi kwenye orodha hiyo bila kuandika jambo lisilo la kweli.

Safari nyingine jazeni karatasi ya michango mwanzoni mwa mradi, na mwipitie kila mara mtu anapoingia au kutoka. Na kwa aliyeuliza kwa ufupi kuhusu programu za akili mnemba: haziwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haziwezi kuwajibika. Taja kwamba umezitumia na kwa kazi ipi, na hakiki kila rejeo zililokupa, kwa maana hubuni marejeo ambayo hayapo.

SWALI: CC BY, CC0, NC, ND... nichague ipi?
*Mkutubi*

JIBU: Hizi zote ni leseni za Creative Commons. Makala, CC BY: yeyote atumie, mradi akutaje. Data, CC0 (bila sharti lolote) au CC BY. Seti mia zikiunganishwa, sharti la kutaja kila mmoja huwa mzigo, ndiyo sababu hazina nyingi hupendelea CC0. Wajibu wa kunukuu unabaki kuwa wa kitaaluma. ND, isiyoruhusu kusambaza kazi iliyobadilishwa, inakataza kusambaza tafsiri, hivyo kwa utafiti tunaona inadhuru kuliko inavyolinda. NC, isiyoruhusu matumizi ya biashara, inazua ubishi juu ya nini hasa ni biashara. Msimbo uupe leseni ya programu, kama MIT, Apache au GPL. Creative Commons wenyewe wanashauri leseni zao zisitumike kwa programu. Hakikisha kwanza unachokitolea leseni ni chako. Hojaji nyingi za afya zina hakimiliki ya mtu mwingine, nazo huruhusiwi kuzipakia pamoja na data.

SWALI: Jarida limeniandikia barua pepe likisema litachapisha makala yangu ndani ya siku tano, na ada nilipe mapema. Ni la ufikiaji huria. Nilipe?
*Mhadhiri msaidizi*

JIBU: Usilipe. Siku tano hazitoshi kumpata mhakiki, achilia mbali kusoma alichoandika. Ada halali hudaiwa baada ya makala kukubaliwa, na kiasi chake huwa kimetangazwa kwenye tovuti.

Kwa jarida lolote usilolijua, litafute kwenye orodha ya DOAJ, inayokagua majarida huria tangu mwaka 2003. Likijitangaza kuwa mwanachama wa COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, thibitisha kwenye tovuti ya COPE yenyewe, kwa sababu nembo hunakiliwa kirahisi. Linganisha anwani ya tovuti na ISSN (namba ya utambulisho wa jarida), maana yapo majarida bandia yanayovaa jina la jarida halisi. Mwandikie mhariri mmoja kwenye orodha yao, kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya taasisi yake, umuulize kama kweli yumo. Soma makala tatu za karibuni katika fani yako. Usitegemee orodha ya zamani ya majarida ya kitapeli ya mkutubi Jeffrey Beall, iliyoondolewa mwaka 2017.

Kuwa huria hakuhitaji ada. Majarida mengi ya kawaida yanaruhusu mwandishi aweke toleo lililokubaliwa kwenye hazina ya taasisi yake, wakati mwingine baada ya miezi kadhaa. Soma mkataba kabla ya kutia saini.

SWALI: Nimegundua kosa kwenye data zangu ambazo tayari zina DOI. Nizifute nipakie upya?
*Mtakwimu*

JIBU: Usifute. Pakia toleo jipya, eleza kilichobadilika, na uliache la zamani likiwa na onyo. Kwenye Zenodo kila toleo lina DOI yake, na ipo nyingine inayowakilisha matoleo yote. Waliotumia la zamani wanahitaji kujua walitumia nini.

Rudia uchambuzi wote kwa data zilizosahihishwa. Mwandikie mhariri mambo matatu: kosa ni lipi na liliingiaje, namba zipi zimebadilika (weka za zamani na mpya kwenye jedwali moja), na kama hitimisho linabaki. Likibaki, kwa kawaida hutolewa tangazo la masahihisho. Lisipobaki, omba makala ibatilishwe wewe mwenyewe. Tangazo linalosema wazi kwamba waandishi ndio walioligundua kosa lisilo la makusudi linakulinda.

SWALI: Na kama kosa ni la mtu mwingine? Nilipakua data za makala inayonukuliwa sana na sipati namba zake.
*Mwanafunzi wa shahada ya pili*

JIBU: Kwanza jithibitishie. Hakiki kwamba una toleo sahihi la data na la programu, na mwenzako ajaribu bila kuona jibu lako. Tofauti nyingi hutokana na jinsi thamani zinazokosekana zilivyoshughulikiwa.

Kisha mwandikie mwandishi, na uandike kama mtu anayeomba ufafanuzi: "Kwenye jedwali la 3, mstari wa 2, makala inaonyesha thamani hii, msimbo nilioambatisha unatoa hii. Je, kuna hatua niliyoiruka?" Usitumie neno kughushi. Data hazikuonyeshi nia ya mtu.

Uanafunzi usikuzuie. Mwaka 2013 Thomas Herndon alikuwa mwanafunzi wa uzamivu alipojaribu kurudia makala ya mwaka 2010 ya wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi. Namba zilikataa, akawaomba lahajedwali lao, nao wakampa. Ndani yake akakuta fomula ya wastani iliyoziacha nchi tano. Waandishi walikiri kosa hilo la fomula, ingawa waliendelea kutetea hoja yao kuu, na mjadala ukaendelea mbele ya wote, kila upande ukiwa na namba zake mezani. Bila lile lahajedwali, Herndon angebaki na namba zisizolingana, asijue kwa nini.

Mpe mwandishi wiki nne hivi. Asipojibu, mwandikie mhariri wa jarida ukiambatisha barua ya kwanza, msimbo na matokeo yako. Majarida yanayofuata miongozo ya COPE yana utaratibu wa kushughulikia malalamiko ya namna hii, ila huchukua miezi, mara nyingine zaidi ya mwaka. Weka kumbukumbu zenye tarehe, na mhusishe msimamizi wako tangu barua ya kwanza. Ukiamua kuchapisha marudio yako, mtumie mwandishi rasimu kabla, na uweke wazi data na msimbo wako kwa kiwango kile kile ulichokitaka kwake.